Nyota yenye mkia katika picha ya Giotto

Noeli ikikaribia, vijana wa parokia zetu hujenga pango. Huleta majani ya migomba, huweka ng'ombe na punda wa udongo, na juu ya yote hufunga nyota ya karatasi ya kung'aa. Nyota hiyo karibu kila mara ina mkia. Ukiwauliza mkia umetoka wapi, wanajibu bila kusita: umetoka katika Injili. Sivyo. Mtakatifu Matayo, katika sura ya pili, ataja nyota tu. Mamajusi waliiona, ikawatangulia, ikasimama juu ya mahali alipokuwa Mtoto. Hakutaja mkia. Wala hakusema kwamba Mamajusi walikuwa watatu, wala kwamba walikuja na ngamia.

Mwenye kusoma atasema: jambo hilo ni dogo, waacheni vijana na karatasi yao. Tungewaacha, kama mkia ule usingeleta madhara baadaye. Kijana afundishwaye kwamba Injili yasema nyota yenye mkia, siku moja ataingia sekondari. Huko atasoma kwamba nyota yenye mkia ni donge la barafu na vumbi lizungukalo jua, na kwamba haiwezi kusimama juu ya paa la nyumba ya mtu. Basi ataona kwamba mwalimu wa sayansi na katekista wanapigana, naye atachagua mmoja. Atautupa mkia, na pamoja na mkia ataitupa Injili, ambayo haikuwa na kosa lolote. Kwa hiyo yafaa tuujue mkia huo, na njia njema ya kuujua ni kutazama picha moja inayosifiwa kuliko zote kwa jambo hilo. Hatujasimama mbele ya ukuta wenyewe. Tumeitazama katika vitabu vyenye picha nzuri, mara nyingi na kwa muda mrefu.

Picha iko Padova, katika nchi ya Italia, ndani ya kanisa dogo la ukoo wa Scrovegni. Enrico Scrovegni alikuwa tajiri. Baba yake, Reginaldo, alikopesha fedha kwa riba, hata mshairi Dante akamweka motoni kati ya wala riba. Mtoto wake akajenga kanisa kwa heshima ya Bikira Maria, nalo likatabarukiwa tarehe 25 Machi 1305, sikukuu ya Kupashwa Habari. Kuta zake zilichorwa na Giotto di Bondone, aliyefariki mwaka 1337. Alichora historia ya Yoakimu na Ana, ya Maria, na ya Bwana wetu Yezu Kristu, mstari juu ya mstari. Dari yote aliipaka buluu na kuijaza nyota za dhahabu.

Nyota hizo za dari zitazameni kwanza. Zimepangwa sawasawa, zote za namna moja, kama maua ya kitambaa. Ndivyo nyota zilivyochorwa na kila fundi wa siku zile, na Giotto alijua kuzichora hivyo. Sasa shukeni ukutani, kwenye picha ya Mamajusi. Maria ameketi chini ya kibanda cha miti, Mtoto yupo mapajani pake, Yozefu Mtakatifu na malaika wako karibu. Mfalme mzee amevua taji, amepiga magoti, na uso wake umefika miguuni pa Mtoto. Wenzake wawili wamesimama nyuma wakingoja zamu yao. Kushoto kuna mtumishi na ngamia. Na juu ya kibanda, katika anga la buluu, inapita nyota isiyofanana hata kidogo na zile za darini. Kichwa chake ni mpira wa moto, mwekundu na wa dhahabu, na nyuma yake umenyoshwa mkia mrefu wa mistari, mzito karibu na kichwa, mwepesi mwishoni. Haikupimwa kwa kamba ya fundi. Imetoka katika macho ya mtu aliyesimama nje usiku akatazama juu.

Hapo ndipo tunapomsifu Giotto. Mtu huyu alikuwa na mfano tayari darini, wenye kukubaliwa na wote, akauacha, akachora kile ambacho macho yalimwonyesha. Mwenye shaka awatazame ngamia. Wana macho ya buluu, na nyuso zao zinamkumbusha mtu punda kuliko ngamia. Yaonekana fundi wetu aliwajua ngamia kwa kusikia zaidi kuliko kwa kuona. Katika picha moja, basi, tuna vitu viwili vya ajabu, mnyama wa mbali na nyota isiyo ya kawaida; cha kwanza kimemponyoka, cha pili amekishika. Tofauti hiyo ndiyo ushuhuda wetu kwamba nyota aliiona.

Aliiona nyota gani? Mwaka 1301 ilitokea ile tunayoiita leo nyota ya Halley, nayo ilionekana wazi. Mwanamke mmoja mwenye elimu ya historia ya sanaa, Roberta Olson wa Marekani, aliandika mwaka 1979 kwamba hiyo ndiyo iliyochorwa Padova. Wengine wakajibu mwaka 1993 kwamba huenda ni nyota nyingine yenye mkia, ile ya mwaka 1304, kwa kuwa ilikuwa karibu zaidi na siku za kazi yenyewe. Wenye elimu waendelee na shauri lao. Sisi twaona kwamba hukumu juu ya picha haitegemei jina la nyota. Iwe ya 1301 au ya 1304, ni nyota ya mbinguni, si ya kitambaa.

Lakini kuna ushujaa mwingine, nao watajwa mara chache. Siku zile watu waliiogopa nyota yenye mkia. Ilisemwa kwamba yatangaza kifo cha mfalme, vita, tauni, njaa. Katika kitambaa maarufu cha Bayeux, huko Ufaransa, imeshonwa nyota hiyo hiyo ya Halley ilivyotokea mwaka 1066, na watu wanaionyesha kwa vidole, huku mfalme Harold akipata habari yake. Na mwaka ule ule Harold akauawa vitani. Giotto anachukua kitu hicho cha kutisha, anakiweka juu ya kichwa cha Mtoto. Na katika picha wafalme hawaitazami! Imewafikisha, yatosha, macho yao yako kwa Mtoto. Hakuna anayenyosha kidole, hakuna anayejificha. Hatujui mahubiri mengi juu ya Epifania yanayosema jambo hilo kwa uwazi namna hii.

Wala tusidhani kwamba fundi alizua dini mpya. Karne ya tatu, Orijeni alikwisha kuandika kwamba nyota ya Betlehemu ilikuwa nyota mpya, ya namna moja na zile zenye mkia, na kwamba nyingine za namna hiyo zilitokea hata kabla ya mambo mema. Mtakatifu Yoane Krizostomo hakukubali. Yeye alifundisha kwamba haikuwa nyota ya kawaida kabisa, maana nyota ya mbinguni haiwezi kushuka na kuonyesha nyumba moja. Kanisa halikuwalazimisha wakristu kuchagua kati ya hao wawili. Tazameni sasa Giotto amefanya nini: amechora nyota ya Orijeni, lakini ameishusha karibu na paa kama Krizostomo alivyosema. Hapo picha yake ina mshono unaoonekana. Kitu kikubwa kama kile, kikikaribia vile, kingechoma kibanda na wote waliomo. Wengine wamelihesabu hilo kuwa kosa. Sisi twasema ni kosa la mtu mwaminifu: macho yalimwambia neno moja, Matayo alimwambia neno la pili, naye hakutaka kunyamazisha hata mmoja.

Tuingize hapa neno juu ya Baba Mtakatifu Kalisti III, kwa sababu wapinzani wa Kanisa walipenda sana kusema kwamba mwaka 1456 aliitenga nyota ya Halley na Kanisa kama mtu mzushi. Ni hadithi tupu. Mwaka ule nyota ilionekana kweli, na Baba Mtakatifu aliagiza sala na kengele, lakini kwa ajili ya vita vya Waturuki. Hati yake haitaji nyota yoyote. Anayesikia hadithi hiyo sokoni ajue la kujibu.

Tuendelee. Mwaka 1531 Mjerumani Petro Apian aliona kwamba mkia wa nyota ya namna hii huelekea daima upande usio wa jua, nyota ikienda na ikirudi. Mwaka 1577 Tycho Brahe alipima na kukuta kwamba iko mbali kupita mwezi, wala si moshi wa hewa yetu kama wazee wa Ugiriki walivyofundisha. Ndipo Mwingereza Edmond Halley akalinganisha nyota za miaka 1531, 1607 na 1682, akaona kwamba njia yao ni moja. Mwaka 1705 akachapisha hesabu zake: ni nyota moja tu irudiyo kila baada ya miaka kama 76, nayo itarudi mwaka 1758. Halley alifariki mwaka 1742, hakuiona. Aliyeiona wa kwanza alikuwa Johann Georg Palitzsch, mkulima wa karibu na Dresden katika Ujerumani, aliyejifundisha elimu ya nyota mwenyewe. Aliiona usiku wa tarehe 25 Desemba 1758. Mkulima, usiku wa Noeli! Tungeandika hivyo katika mchezo wa kuigiza, watu wangesema tumezidisha.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya. Nyota ya Halley iliporudi mwaka 1986, mataifa yalituma vyombo vitano kuilaki: viwili vya Umoja wa Kisovyeti, viwili vya Japani, na kimoja cha nchi za Ulaya. Wakuu wa chombo cha Ulaya walitafuta jina, wakakiita Giotto. Fikirini. Wangeweza kukiita Halley, au jina la mfalme, au la mungu wa Wagiriki kama ilivyo desturi yao. Wakachukua jina la mpaka rangi wa makanisa.

Chombo kilirushwa tarehe 2 Julai 1985 kutoka Kourou, Amerika ya Kusini. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Machi 1986 kilipita kilometa 596 tu kutoka katika kiini cha nyota. Mwendo wao wa kupishana ulikuwa kilometa 68 kwa sekunde moja. Tokea Bukavu hata Goma, kwa mstari wa ndege, ni kama kilometa 100: kwa mwendo ule ungevuka ziwa lote kabla ya kumaliza kusema "Kwa jina la Baba". Chembe ya vumbi katika mwendo huo hupiga kama risasi, kwa hiyo chombo kilivikwa ngao ya tabaka mbili. Vyombo vya Kisovyeti vilitangulia kwa siku chache, vikaonyesha kiini kiko wapi, ili cha Ulaya kipite karibu. Kazi njema ya ushirikiano, katika miaka ambayo mataifa hayo yalikuwa yakielekezeana mabomu. Sekunde chache kabla ya kufika karibu kabisa, vumbi lilikipiga kikayumba, na habari zake zikakatika-katika kwa muda wa nusu saa. Kikapona, ila mashine yake ya kupigia picha haikuona tena.

Lakini kilikuwa kimekwisha kuona. Kiini ni kama jiwe kubwa lenye umbo la kiazi, urefu kilometa 15 hivi, upana 8. Ni cheusi kuliko makaa: katika sehemu 100 za nuru kinayopokea, chairudisha kama 4 tu. Ndani mna barafu. Mwamerika Fred Whipple alikuwa amesema hivyo tangu mwaka 1950, kwamba nyota hizi ni barafu iliyochanganyika na vumbi. Anayeijua theluji ya Ruwenzori aifikirie imechafuliwa kwa masizi. Upande unaopigwa na jua hutoa mivuke kwa nguvu, nyingi yake ikiwa mvuke wa maji, na mivuke hiyo hubeba vumbi. Hayo ndiyo yanayong'aa, na ndiyo mkia.

Je, elimu hiyo imeiharibu picha ya Padova? Wapo wanaosema hivyo kwa furaha, na wapo wanaosema kwa huzuni. Twaona wote wamekosa. Giotto hakujua barafu wala kiini cheusi, lakini alichora kwa haki kile kinachoonekana kutoka duniani: kichwa chenye kung'aa katikati, wingu la nuru kukizunguka, mistari ya mkia. Chombo chenye jina lake kilikwenda kuona kisichoonekana kutoka duniani. Kazi ya pili haikufuta ya kwanza. Na sisi tukiitazama picha tena baada ya kujua hayo, twapata hata neno zaidi, kwamba kile kitu cha nuru juu ya kibanda hakina nuru yake chenyewe. Chote kimepewa na jua.

Tunaowalaumu ni wengine, nao wako upande wetu. Ni wale wanaochapisha picha hii Noeli na kuandika chini yake kwamba Giotto amethibitisha: nyota ya Mamajusi ni nyota ya Halley. Picha iliyokamilika karibu na mwaka 1305 haiwezi kushuhudia mambo ya miaka 1300 nyuma. Tena hesabu yenyewe inakataa. Nyota ya Halley ilipita mwaka wa 12 kabla ya Kristu. Herodi, kwa hesabu ya wanahistoria wengi, alikufa mwaka wa 4 kabla ya Kristu, na Injili inaweka kuzaliwa kwa Yezu katika siku zake za mwisho. Miaka ile haikutani vizuri. Mtu akitaka kuilinda Injili kwa hoja hii, amejenga ukuta wa nyasi penye njia ya moto. Mungu alitumia nyota gani, Matayo hakutuambia, na Giotto hakudai kutuambia. Ushahidi wake ni juu ya anga la siku zake yeye.

Tunawalaumu pia wenye kuuza hofu. Mwaka 1910 ilijulikana kwamba dunia ingepita katika mkia wa Halley, na kwamba mkia una sumu kidogo. Huko Ulaya na Amerika walitokea watu waliouza vidonge vya kujikinga. Siku ikapita, mtu hakukohoa hata mmoja kwa ajili ya mkia, na wenye vidonge wakabaki na fedha. Vidonge sasa vimegeuka kuwa mahubiri: kila nyota mpya ikitangazwa redioni, yupo anayesimama barabarani na kutangaza mwisho wa dunia na mchango wa papo hapo. Hatusemi kwamba angani hamna hatari. Tarehe 15 Februari 2013 jiwe la angani lilipasuka juu ya Chelyabinsk katika Urusi, likavunja vioo vya mji na kujeruhi watu zaidi ya 1000. Ndiyo sababu wenye elimu wanayahesabu mawe hayo, na mwaka 2022 Wamarekani waligonga kwa makusudi jiwe moja dogo, Dimorphos, wakabadilisha mwendo wake. Hatari ya namna hiyo inahitaji watu wanaotazama na kupima. Mhubiri wa barabarani hatazami kitu. Ni kama yule fundi wa nyota za kitambaa, anachora bila kuinua kichwa.

Picha yenyewe imezeeka. Giotto alipaka rangi nyingi juu ya chokaa mbichi, nazo zikashikamana na ukuta; lakini rangi ya buluu ilipakwa juu ya chokaa kavu, kwa hiyo vazi la Bikira Maria katika picha hii limebanduka karibu lote. Nyota bado ipo. Wageni huingia kwa makundi madogo, baada ya kungoja katika chumba cha kusafisha hewa, nao hupewa dakika chache tu. Kwetu wengi hatutafika Padova. Lakini anayetaka kuihukumu picha kwa haki anaweza kufanya alichofanya mchoraji, yaani kutoka nje usiku. Halley imekwenda mbali kupita sayari Neptuni. Mwishoni mwa mwaka 2023 ilifika mwisho wa njia yake, ikageuka, nayo itakuwa karibu na jua tena mwaka 2061. Vumbi lake, lakini, halikwenda naye. Dunia hupita katika vumbi hilo mara mbili kila mwaka, na chembe zake huwaka hewani kama vimondo: karibu na tarehe 6 Mei, na tena karibu na tarehe 21 Oktoba. Ni mwezi wa Maria na mwezi wa Rozari. Inafaa kuamka kabla ya mapambazuko, mwezi ukiwa umetua, mahali pasipo na taa. Mei mtazame upande wa mashariki, na msikate tamaa katika robo saa ya kwanza, maana macho yanahitaji muda kuzoea giza.